Naomba ushauri: nataka kuiua khofu ya kupanda mkarafuu

MchumajiKusini: Assalaam alaykum wanajukwaa. Niko Pemba, nachuma karafuu. Msimu huu nikishapanda kama futi 20 moyo unanienda mbio, kifua kinabana, viganja vinatoka jasho, natamani kushuka. Zamani sikuwa hivi. Wenzangu washaanza kuniita muoga. Nataka njia ya kuiua kabisa hii khofu, si kuipunguza. Karafuu zimeshapevuka, zikichanua mtini hazina bei.

UpepoWaKusi: Waalaykum salaam ndugu yangu. Usiiue, kwanza ijue kazi yake. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo inaitwa amigdala, inapiga kengele kabla hujapata hata kufikiri. Tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini, moyo unakwenda mbio ili damu ijae kwenye misuli ya miguu na mikono, mboni za macho zinapanuka. Mwili unajitayarisha kukimbia au kupambana. Marekani yuko mwanamke ambaye amigdala zake zimeharibiwa na maradhi ya nadra. Haogopi nyoka wala buibui, na ameshawahi kutishiwa kwa kisu na kwa bunduki kwa sababu hahisi pa kujihadhari. Huo ndio uzima unaoutaka?

BiMkubwaWete: Mwanangu, mimi naona kinachokusumbua ni haya, yaani aibu, khofu imesingiziwa. Haya nayo ina kazi, inamzuia mtu asivunje yale wanayoyaheshimu watu wake. Lakini hapa imekaa pasipo pake: khofu inakwambia shuka, haya ya kuitwa muoga inakwambia panda. Ukiisikiliza haya ukiwa futi 20 juu, utateremka kwa njia usiyoitaka. Na hao wenzio wamche Mungu, mtu aliyeko mtini hachekwi.

VibuaVyaAsubuhi: Kinyaa pia ni vivyo hivyo. Samaki akiwa jicho limezama, mashavu yamegeuka kahawia na ukimbonyeza nyama hairudi, pua inakataa kabla ya akili. Kile kichefuchefu ni mlinzi wa tumbo. Ila kwa jodari na vibua kina upungufu: wakikaa juani wanajenga sumu ambayo pua huenda isiijue, na kupika hakuiondoi. Barafu tangu chomboni ndiyo dawa.

Mtulivu: Tumefika kwenye samaki na mwenye uzi hajaulizwa la maana. Kaka, kwa nini msimu huu na si mwaka jana? Umewahi kuanguka? Una maradhi? Kuna dawa unayotumia?

MchumajiKusini: Sijaanguka. Pumu ninayo tangu mdogo lakini haihusiani na mti. Kuna vidonge binamu yangu alinipa, propranololi ya miligramu 40, ni vya presha vya mama yake. Tangu juzi nameza kimoja alfajiri na mikono haitetemeki tena, kwa hiyo vinafaa. Arubuni ya mikarafuu 14 nimeshaishika, siwezi kurudi nyuma. Kilichobaki ni hiki kifua tu.

Mtulivu: Ndugu yangu, usimeze kingine. Hicho kidonge kinaziba milango ambayo adrenalini huingilia, kwenye moyo na kwenye njia za pumzi pia. Kwa mwenye pumu njia zinaweza kubana ghafla, na bomba lako la kuvuta dawa ya pumu, salbutamoli, linapita kwenye milango hiyo hiyo, kwa hiyo ukilivuta huenda lisikusaidie inavyotakiwa. Juu ya hayo kinashusha presha, na kizunguzungu cha juu ya tawi si cha kitandani. Hicho "kifua tu" huenda si khofu hata kidogo. Yule mwanamke aliyetajwa hapo juu, watafiti walipomvutisha hewa yenye kaboni dayoksaidi nyingi alishikwa na kiwewe. Kengele ya kukosa pumzi ina njia yake nyingine mwilini. Leo hii nenda kituo cha afya, taja jina la kidonge, kiasi, na saa uliyomeza.

JiweLaMsingi: Samahanini, mimi siamini. Mwanzo khofu, kisha pumu, kisha vidonge, kisha arubuni. Hadithi inaongezwa kila ikiulizwa. Kama unachuma kweli, tuambie mti gani unakutisha na ukoje.

UpepoWaKusi: Hata kama katunga, yupo mwenye pumu anayesoma hapa na vidonge vya mtu mwengine mkononi. Acheni majibu yakae.

MchumajiKusini: Situngi. Hasa ni mmoja, uko kwenye mteremko. Tawi la pili kushoto ndilo unaloegemea ili upembo, ile fimbo ya kuvutia matawi, ufike kileleni. Gamba lake linabanduka, nikitia ukucha unatoka unga wa kahawia, na ncha zake hazina jani. Kwenye ile mifupi nahisi kidogo tu.

JiweLaMsingi: Niwie radhi. Na umejijibu mwenyewe: hilo tawi limekufa. Mkarafuu ni mti mwepesi kuvunjika, haupindi ukakuonya, unakatika papo hapo. Macho yako yameliona gamba na mwili ukakataa.

UpepoWaKusi: Fanya hivi. Mti huo usiupande. Yale matawi yanayofikiwa chuma kwa ngazi na upembo, kilele kiache. Mengine, jaribu kila tawi kwa mkono kabla ya mguu, kanyaga karibu na shina, viungo vitatu vishike daima kimoja kikisogea. Kamba ya kiunoni ifungwe kwenye shina, si kwenye tawi. Mvua ikipita subiri gamba likauke. Khofu ikibaki hata kwenye mti mzima, mkavu, wenye kamba, na kifua kimeshaangaliwa, hapo sasa ni mazoea, nayo yanafundishika: panda futi 6, kaa hapo hapo, vuta pumzi kwa hesabu ya 4 na itoe kwa 6, usishuke mpaka ipungue nusu. Kesho futi 9. Ukishuka ikiwa kaliii, mwili unajifunza kuwa kushuka ndiko kulikokuokoa, na kesho inarudi na nguvu zaidi.

MchumajiKusini: Na arubuni?

BiMkubwaWete: Mwenye shamba mwambie leo, usingoje kesho. Mrudishie fungu la mti huo mmoja, 13 imebaki. Lile linalokuchoma moyoni unapofikiria kumwambia ni majuto, na kazi yake ndiyo hiyo, kukupeleka mlangoni kwake.

MchumajiKusini: Nimempigia, kakubali. Naondoka kwenda kituoni. Bomba nimelitikisa, bado linasikika lina kitu.

Mtulivu: Kulitikisa hakukwambii. Hewa ya kusukuma hubaki ndani hata dawa ikiisha. Bomba la kawaida lina mivuto 200, hesabu tangu ulipolifungua. Kama huijui hesabu, omba jipya huko huko, na kidonge chukua na karatasi yake.

MchumajiKusini: Nililifungua Ramadhani. Naomba jipya.