Walimu tupeane uzoefu: umewahi kufundisha ikolojia nje ya darasa? Ilikuwaje?

Chaki Vumbi (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nafundisha Biolojia shule ya kata huku Kanda ya Ziwa, mwaka wa tisa sasa. Mada ya ikolojia wengi tunaiona nyepesi, ndiyo maana tunaisukuma mpaka mwisho wa muhula halafu tunaimaliza kwa kunakilisha ubaoni. Naanza na kisa changu, nanyi leteni vyenu. Vilivyoharibika navitaka zaidi.

Siku hiyo nilichora mnyororo wa chakula wa ziwa: mwani, vijidudu vya majini, dagaa, sangara, mtu. Mishale minne, safi kabisa. Binti mmoja wa dawati la nyuma, ambaye mwaka mzima sijawahi kusikia sauti yake, akanyoosha kidole. "Mwalimu, sangara anakula na watoto wa sangara." Nikamjibu kwamba hilo kitabuni halimo. Naona haya kuliandika, lakini ndivyo nilivyojibu. Darasa likaangua kicheko, na nikagundua ninayechekwa ni mimi. Nusu ya wale watoto wamekulia mwaloni.

Jumamosi nikaenda na kumi kati yao kwa akina mama wanaopasua samaki. Tukaomba matumbo tu, yale yanayotupwa. Tukarudi na ndoo. Jumatatu tukayafungua kwenye maabara (yaani chumba chenye meza mbili na sinki lisilo na maji). Ndani mlikuwa na uduvi, dagaa, furu (wale visamaki vidogo vya ziwani) wawili waliokuwa bado wanatambulika, na kwenye tumbo kubwa kuliko yote, sangara mdogo wa urefu wa kiganja, mzima, mkia unang'aa. Yule binti hakusema neno. Alimshika mkia akamlaza mezani mbele yangu.

Tukafuta mnyororo tukaanza upya. Kila tumbo lilileta mshale mpya, mpaka ubao ukachafuka. Kijana mmoja akasema, "Mwalimu, huu sasa siyo mnyororo, ni nyavu." Nimesema maneno "mtandao wa chakula" miaka tisa, na sijawahi kuyaona kama nilivyoyaona siku ile.

Kilichoendelea sikukipanga. Nikawatuma wakaulize nyumbani: bibi zenu walipokuwa wasichana, mboga ilikuwa samaki gani? Karibu wote wakarudi na jibu moja, furu. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, na kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za furu, ambazo hazipatikani kwingine duniani, zilikuwa hazionekani tena. Sangara walipovuliwa sana, miaka ya 1990, baadhi ya furu wakaanza kurudi. Hayo unaweza kuyasoma popote. Lakini mtoto akikwambia "bibi anasema furu walikuwa wanatolewa bure kwa jirani", huhitaji tena kueleza maana ya spishi vamizi.

Ndoo niliisahau maabara wikiendi nzima. Jumatatu mkuu wa shule aliniita kabla ya kengele. Hayo tuyaache.

Mjuzi wa Mbali

Ngoja nikae hapa, wenye visa waje.

Ajira Mpya

Mkuu, hongera. Ila naomba tuseme ukweli. Mimi nina wanafunzi 94 kwenye mkondo mmoja, vipindi vya dakika 40, na ziwa lililo karibu nami ni la kwenye ramani. Nikiwatoa nje, nusu wanaishia kwa muuza mihogo. Hizi mbinu ni za shule zenye watoto 30.

Bundi wa Morogoro

Jina langu humu lina historia, ngoja niwape.

Kwenye dari la darasa letu la mwisho alikuwa anaishi bundi, yule mwenye uso mweupe wenye umbo la kopa. Usiku analia, asubuhi wanafunzi hawataki kuingia. Mlinzi alishatangaza kwamba akimwona tu, jiwe. Kila mwanafunzi alikuwa na jamaa aliyekufa baada ya bundi kutua juu ya paa.

Sikubishana nao. Bundi humeza panya mzima, kisha manyoya na mifupa anaitapika ikiwa donge lililokauka. Chini ya ile dari yalikuwa yamejaa. Nikaokota 14, nikayaloweka kwenye maji ya moto, kila kundi nikalipa donge moja na mwiba wa kuchambulia. Mwanzo walishika kwa ncha za vidole kama wanaoshika hirizi. Baada ya nusu saa walikuwa wanagombania mafuvu. Tulihesabu mafuvu 37 ya panya na moja la ndege mdogo. Kuna mmoja alipanga mifupa yote kwenye karatasi mpaka akapata panya kamili, akaomba aende nayo nyumbani.

Hapo ndipo nikauliza: msimu uliopita nani wazazi wake walipanda mahindi mara mbili kwa sababu panya walifukua mbegu? Mikono ikawa mingi. Nikanyamaza. Wakafanya hesabu wenyewe, bundi mmoja, panya wangapi kwa mwezi.

Sasa madhara. Baba mmoja alikuja shuleni na mwenyekiti wa kitongoji. Shitaka: mwalimu anafuga bundi na anawashikisha watoto mifupa. Nililetewa kiti katikati ya ofisi kama mshitakiwa. Aliyeniokoa ni mtoto wa huyohuyo baba, aliyeitwa aeleze, akaeleza vizuri kuliko mimi. Baba hakukubali wala hakukataa, aliondoka tu.

Likizo ya Desemba fundi akaziba dari. Hakuna aliyemwua bundi, ila hakurudi. Wanafunzi wametengeneza sanduku la mbao wakalitundika kwenye mkenge. Mpaka naandika hapa, walioingia ni nyuki.

Mpwani wa Kwale

Salamu kutoka Kenya. Mimi nafundisha sekondari msingi, na kisa changu ni cha aibu.

Mwaka huo nilitaka darasa langu lipande mikoko. Nilikuwa nimeenda Gazi kuona mradi wa Mikoko Pamoja, wale walioanza 2013, wanatunza hekta 117 na wanauza hewa ya ukaa (yaani wanalipwa kwa kaboni ambayo mikoko inaihifadhi), pesa zikarudi kwa wanakijiji katika mambo kama maji na shule. Nikarudi nimepandwa na mori. Tukaokota mbegu za mkoko, zile ndefu kama kalamu kubwa zinazochipuka zikiwa bado mtini. Watoto walizipenda. Tukazichomeka mia tatu kwa mistari iliyonyooka, mbele kabisa, pale maji yanapokuja kwa nguvu, kwa sababu pale palikuwa wazi na picha ingetoka nzuri. Picha ilitoka nzuri kweli.

Baada ya miezi miwili ilibaki kumi na kitu. Mawimbi yaling'oa nyingine, nyingine zilivaa vile vigamba vigumu vinavyong'ang'ania mashina mpaka zikaelemewa. Watoto walinitazama kama niliyewadanganya.

Mzee mmoja aliyekuwa akikata boriti zamani, kabla hajaachana na kazi hiyo, alipita akatukuta tunahesabu maiti. Akacheka taratibu. "Hapo mwalimu ni kwa mlilana. Mkoko hukaa nyuma yake. Na wewe umemtanguliza mtoto baharini." Nikamwomba arudi Jumatano afundishe yeye. Akaja amevaa kanzu! Akatembea na watoto kutoka kwenye maji hadi nchi kavu: mlilana mbele, kisha mkoko na mizizi yake ya kusimamia, muia, mkandaa, hadi mchu huku juu ambako chumvi ni kali na vidole vyake vya kupumulia vimechomoza kwenye tope. Kila mti aliueleza kwa kazi yake. Huu wa boriti, huu wa pau, huu wa fito, ganda la huu la kutia rangi, huu nyuki wanaupenda. Halafu mtoto mmoja, ambaye baba yake nadhani bado anakata (sikuuliza), akawa anamalizia majina kabla ya mzee.

Nilichokuja kukielewa baadaye ni kwamba yule mzee alikuwa anafundisha ukanda wa mimea (jinsi kila mti unavyoshika sehemu yake), mada nzima, bila neno moja la kitaalamu. Tulipanda tena, nyuma, bila mistari. Zinaendelea.

Skuli ya Mjini, Unguja

Yangu fupi. Niliwapeleka vijana jaani wakahesabu kunguru. Nikawaeleza kwamba kunguru huyu ni mgeni, aliletwa Unguja kutoka Bara Hindi miaka ya 1890, inasimuliwa ili asaidie kula taka, na sasa anakula mayai na makinda ya ndege wetu wadogo. Kijana wangu mmoja akauliza: "Ustadh, babu yake babu yangu kamkuta hapa. Na babu mwenyewe kaja na jahazi kutoka Hadhramaut. Sasa ugeni wake utakwisha lini?"

Darasa kimya, wananitazama. Mpaka leo sijapata jibu la kunitosha. Namwambia tofauti ni kwamba babu yako hali mayai ya chozi, yule ndege mdogo, lakini najua nimekwepa.

Mama wa Kibanja

Niko Kagera. Sikuwatoa wanafunzi nje, nilikuwa nasahihisha mtihani wa majaribio. Swali lilitaka kazi moja ya viumbe viozeshaji. Mwanafunzi mmoja akaandika kwa Kiswahili: "Bila wao majani ya migomba yangetufunika hadi kwenye madirisha na ndizi zisingezaa." Nikampa sifuri. Kanuni ni kwamba mtihani unajibiwa kwa Kiingereza, na mimi ni mtu wa kanuni.

Nikasahihisha karatasi nyingine ishirini hivi. Wengi walikuwa wamenakili sentensi ileile ya kitabu, wameikariri hadi makosa yake ya chapa. Hao niliwapa alama. Nikairudia ile ya sifuri nikaisoma tena. Mtoto ameona kibanja chao, yaani shamba la migomba la nyumbani: nyasi zinakatwa mbugani, kule tunakoita rweya, zinatandazwa chini ya migomba. Ng'ombe analishwa huko, samadi inaletwa huku. Rutuba inahama kutoka rweya kuja kibanjani kila siku, na vijidudu chini ya matandazo ndio wanaoifungua. Yote hayo ameyaweka kwenye mstari mmoja, na mimi nimempa yai.

Sifuri sikuibadilisha. Nilimwita nikamwambia jibu lake ndilo bora darasani na kwamba nimemnyima alama. Alinitazama kama mtu mzima anavyomtazama mtoto. Siku hizi kila mada naianza kwa Kiswahili, na kibanjani, kisha tunaipeleka kwenye Kiingereza pamoja. Mkaguzi akija naanzia kule mwisho.

Chura Mvumilivu

Nipo Dar, Kidato cha Tano. Sisi safari ya kwenda Kihansi, kwenye korongo lenye bwawa la umeme, haiwezekani, kwa hiyo nimefanya mdahalo: umeme au chura? Chura wa Kihansi alijulikana 1996, akiishi kwenye manyunyu ya maporomoko tu, eneo la hekta 2 hivi, kwingine kokote hayupo. Anazaa watoto hai, hatagi mayai. Bwawa likachukua maji, manyunyu yakakatika. Mwaka 2000 walibebwa vyura 499 kwenda Marekani, 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini, 2010 baadhi wakarudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2012 wakaanza kurejeshwa korongoni, ambako siku hizi manyunyu yanatoka kwenye mabomba.

Upande wa umeme ulikuwa unashinda vizuri tu. Kisha umeme ukakatika. Kweli kabisa, saa nane mchana. Upande wa chura ukasimama na kupiga makofi. Mdahalo ukaishia hapo, nikaweka sare.

Chaki Vumbi

Nimecheka peke yangu kwenye daladala. Ajira Mpya, swali lako sijalisahau. Fanya hivi: vijiti vinne na kamba, mraba wa mita moja kila upande. Watoto sita kwa mraba mmoja, uwanja wa shule unatosha. Wahesabu kila kiumbe kilichomo, jina la nyumbani linaruhusiwa. Muuza mihogo muweke ndani ya mraba mmojawapo.

Ajira Mpya

Nimerudi wakuu. Nimejaribu leo. Miraba 16, wanafunzi 94 kasoro watatu waliokuwa kwa muuza mihogo, kama nilivyosema.

Mraba wa chini ya mwembe ulikuwa na vitu vingi hadi wakaanza kubishana: sisimizi wa aina mbili, jongoo, buibui, mchwa, majani ya aina saba ambayo wanayajua yote kwa majina ya kwao na mimi silijui hata moja. Wa nyuma ya jiko walipata nzi na funza, wakakataa kuwashika. Kundi la pale tunaposimama mstarini kila asubuhi walikaa dakika thelathini wakitazama udongo mtupu uliokanyagwa ukawa kama saruji. Wakaandika sifuri. Kiongozi wao akanifuata mbio kuniuliza kama nitawanyima alama.

Nimewapa zote. Ila wameandika barua kwa mkuu wa shule, saini sita, kuomba mstari wa asubuhi uhamishwe muhula mmoja waone kitakachoota. Ninayo mfukoni hapa. Mkuu wangu kwa mstari hana utani. Mnanishauri niipeleke kesho, au nisubiri mshahara uingie kwanza?