Asilimia 3 ya ajira kwa wenye ulemavu: kwenu kazini yupo hata mmoja?

Kokoto: Wakuu, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu hapa Tanzania ni ya 2010. Inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea ahakikishe asilimia 3 yao ni wenye ulemavu. Kila Desemba 3, Siku ya Watu Wenye Ulemavu, kiongozi anapanda jukwaani, anatukumbusha, makofi, tunarudi makwetu. Kuna mwajiri unayemjua aliyewahi kubanwa?

Fundi Redio: Asilimia 3 ya 20 ni 0.6. Sasa hapo tuajiri mtu kuanzia kiunoni kwenda juu?

MamaDoi: Utani huo peleka kijiweni kwenu. Mimi nina mguu mmoja na cheti cha uhasibu. Nimeitwa usaili ghorofa ya tatu, lifti mbovu, nikapanda na magongo yangu. Nafika natweta kama mwizi wa kuku, wananiambia "tutakupigia".

Fundi Redio: Dada yangu, nimemcheka aliyetunga sheria, wewe sijakugusa. Usinitafutie kesi.

Kiberenge: Jamani serikali inajitahidi, tuseme kweli. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Hadi bajaji wanakopeshwa. Wakishapata wanawapa wazima. Kila siku nakutana na bajaji imeandikwa ya mlemavu, dereva kijana ana miguu kama ya Mayele yule mshambuliaji wa mpira.

MamaDoi: Mwenye daladala anaendesha mwenyewe? Tajiri akiweka dereva apokee hesabu jioni mnamwita mjasiriamali. Mlemavu akifanya hivyo hivyo ni tapeli?

Kiberenge: Usihamishe magoli. Mkopo ule hauna riba, ni hela ya umma.

Msukuma wa Tandika: Hauna riba ila una mlolongo! Kikundi, katiba, muhtasari, mtendaji hayupo njoo Alhamisi. Halafu 2023 ikasimamishwa yote, mpaka 2024 ndo ikarudi. Aliyekuwa na mpango wa biashara ameshakula mtaji na watoto.

Kiberenge: Ilisimamishwa kwa sababu watu walikula. Na hao wa bajaji nao wamezidi ujeuri, barabarani hawasikii.

Msukuma wa Tandika: Ujeuri? Juni 2017 walijikusanya katikati ya Dar kulalamikia kuzuiwa kuingia mjini na bajaji zao. Walipigwa mabomu ya machozi, watu hawana miguu!

Kiberenge: Walifunga barabara. Hata mimi ningefunga ningepigwa.

MamaDoi: Wewe ungekimbia.

Fundi Redio: 😂😂😂 Kiberenge, kalale.

Kokoto: Nimeuliza habari za waajiri lakini.

Afisa Utumishi: Mkuu, sisi kila tangazo tunaandika wenye ulemavu wanahimizwa kuomba. Maombi hayaji. Tufanyeje, tukawabebe majumbani?

MamaDoi: Tangazo liko PDF ya picha, kipofu anasomewa na nani? Na hizo ofisi zenu ziko ghorofa ya ngapi?

Afisa Utumishi: Jengo tumepanga, si letu. Muulizeni mwenye nyumba.

Kiberenge: Bado sijajibiwa ya madereva wazima.

Msukuma wa Tandika: Shemeji yangu ana polio na anaendesha mwenyewe, breki kaihamishia mkononi kwa fundi wa mtaani. Njoo Tandika nikuonyeshe.

Fundi Redio: Huyo fundi anachukua bei gani? Na bajaji mpya siku hizi inakwenda milioni ngapi, nina mtu anauliza.