Opera ya tamasha kwenye ukumbi wa Kirumi wa Orange: kwa nini ala zinameza waimbaji?

Mpenda_Aria:
Wakuu, salaam. Naomba ufafanuzi kwa wanaozijua kazi za kumbi za wazi. Ukumbi wa kale wa Orange, kusini mwa Ufaransa, unasifiwa kwamba mwimbaji husikika mpaka ngazi ya juu kabisa bila kipaza sauti. Lakini opera ikiimbwa kwa mtindo wa tamasha, yaani bila mapambo wala uigizaji, okestra ikipanda jukwaani na waimbaji wakasimama mbele yake, mara nyingi ala zinawameza. Ukuta wa nyuma ya jukwaa ni uleule, mawe ni yaleyale. Tatizo liko wapi, na linarekebishwaje? Na mistral, ule upepo mkali wa kusini mwa Ufaransa, ikivuma je?

FundiSauti:
Swali la kujiuliza ni nani kapewa ukuta. Ukuta wa jukwaa la Orange una urefu wa mita 103 na kimo cha mita 37, na ndio unaorudisha sauti kwa watazamaji. Kwenye opera ya kuigizwa, okestra hukaa chini mbele ya jukwaa, mwimbaji yuko juu karibu na ukuta. Akisimama mita 3 kutoka ukutani, sauti inayogonga na kurudi imesafiri mita 6 zaidi ya ile inayokwenda moja kwa moja. Kwa mwendo wa mita 343 kwa sekunde (hewa ya nyuzijoto 20), inachelewa kama milisekunde 17. Sikio haliwezi kuzitenganisha, linapokea sauti moja iliyonona.

Sasa msogeze mbele, awe mita 15 kutoka ukutani. Tofauti inakuwa mita 30, karibu milisekunde 87. Ukuta haumbebi tena, na kidogo unachorudisha kinafika kwa kuchelewa na kuyaondolea maneno makali yake. Wakati huohuo waliohamia ukutani ni timpani (ngoma kubwa za okestra) na ala za shaba, yaani za kupuliza za madini kama tromboni na pembe. Pembe ndizo za kuangaliwa kwanza, maana mdomo wake mpana hutazama nyuma: mpigaji anapuliza kuelekea ukutani na ukuta unamrudishia yote kwa watazamaji.

Hatua, kwa mpangilio ninaoupendekeza:

Geuza safu ya pembe ikae kwa ubavu, na weka pazia zito nyuma ya shaba na timpani. Kisha punguza nguvu kwenye nota zenyewe, palipoandikwa *forte* (kwa nguvu) pasomwe *mezzo forte* (nguvu ya wastani) kwa shaba. Usipunguze fidla na chelo. Mahali pa wazi ala za nyuzi ndizo zinazopotea mapema, na ukiziondoa unabaki na shaba tupu.

Ikiwa bado haitoshi, wapandishe waimbaji kwenye kichanja cha mita 1 hivi nyuma ya okestra, jirani na ukuta. Wanaupata ukuta wao, na wanamtazama mwongozaji uso kwa uso badala ya kumpa mgongo. Gharama yake ni kwamba wanakuwa mbali na watazamaji, na kwa opera yenye minong'ono mingi hilo ni hasara kweli. Kwa kazi za sauti kubwa nalichagua bila kusita.

Nyuzi_Nne:
Naongezea suala la muda, ambalo huvuruga mazoezi kuliko chochote. Jukwaa lile lina upana wa mita 61. Sauti ikitoka upande mmoja hadi mwingine inachukua karibu milisekunde 180. Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, pigo moja ni milisekunde 500, kwa hiyo ni zaidi ya theluthi ya pigo. Ukitandaza kwaya ukuta mzima ili ipendeze machoni, haitashikana kamwe. Ibane katikati, safu nyingi fupi, na kila mwanakwaya afuate mkono wa mwongozaji, asifuate anachosikia. Anayesubiri kusikia fidla ndipo aimbe amekwisha kuchelewa, na kwa msikilizaji atachelewa mara mbili.

Mpenda_Aria:
Hapo nimeelewa, mkuu. Na upepo?

Klarineti_B:
Mistral hutoka kaskazini. Ukumbi umeegemea kilima cha Saint-Eutrope upande wa kusini, kwa hiyo upepo unaugonga ukuta kwa nyuma, unapita juu na kushuka ukizunguka jukwaani. Hauna mwelekeo mmoja, ndiyo maana kugeuza kiti hakusaidii sana. Jinsi unavyochezea mavazi, tazama picha za opera ya *Norma* ya 1974 hapo Orange, na mwimbaji Montserrat Caballé. Paa la jukwaa lililowekwa 2006 linaukinga ukuta na mvua, lakini upepo bado unaingia.

Karatasi za nota: vibanio vya nguo viwili kila upande wa stendi ni kiwango cha chini. Bora zaidi ni bamba la plastiki angavu juu ya ukurasa. Mifuko ya mchanga kwenye miguu ya stendi. Kugeuza ukurasa kunakula muda, kwa hiyo fidla wapangwe wawiliwawili: mmoja anapiga, mwenzake anafungua kibanio, na ukurasa mgumu unakiliwa ili geuzo liangukie kwenye pumziko.

Filimbi huumia kuliko wote. Upepo ukikatiza kwenye tundu la kupulizia, sauti inakatika ghafla kana kwamba mpigaji ameacha. Wakingeni kwa kizuizi angavu upande wa upepo.

Halafu baridi. Maonyesho ya Julai huanza usiku kama saa tatu na nusu, giza likianza kuingia, na joto linashuka kadiri usiku unavyokwenda. Ala za kupuliza hushuka kimo cha sauti hewa ikipoa: kutoka nyuzijoto 20 hadi 10, hewa yenyewe inashusha karibu theluthi ya nusu-toni, ingawa pumzi ya mpigaji huokoa sehemu. Nyuzi za chuma hujikaza na kupanda. Makundi mawili yanaachana. Puliza hewa ya joto ndani ya ala wakati wa mapumziko marefu, na pimeni sauti upya baada ya mapumziko, ala zikiwa zimeshapata moto.

FundiSauti:
Kwa msikilizaji: katikati, ngazi za kati. Pembeni kabisa upande mmoja wa okestra unazidi. Chukua mto, ngazi ni mawe, na koti hata kama mchana ulichoma.