Naomba ushauri: athari ya Baldwin na ujirani wa kwaza

Wakuu, habari. Nina spektra za kwaza (viini ving'avu mno vya galaksi za mbali) kutoka SDSS, upimaji mkubwa wa anga, redishifti (kipimo cha umbali kwa kunyooka kwa mawimbi ya mwanga) 1.7 hadi 2.3, napima mstari wa kaboni IV (angstromu 1549). Mwanga endelevu (ule wa chini ya mistari) nauchora kupitia angstromu 1445–1465 na 1700–1705, maana kati ya 1600 na 1680 heliamu na chuma hupandisha msingi na mstari huonekana dhaifu kuliko ulivyo. Zenye mikanda mipana ya ufyonzaji nimezitoa. Mikanda hiyo hula upande wa bluu wa mstari.

Athari aliyoieleza Baldwin mwaka 1977 inaonekana: kwaza ikizidi mng'ao, mstari hupungua nguvu ukilinganisha na mwanga endelevu. Kazi ipo kwenye ujirani: je, wingi wa galaksi jirani nao unahusiana na nguvu ya mstari? Nataka kuhesabu galaksi ndani ya megapaseki 1, yaani kama dakika 2 za tao, lakini picha za SDSS hazionyeshi galaksi hafifu za mbali hivyo, kwa hiyo nategemea picha za kina zaidi za kamera ya Hyper Suprime-Cam.

Sampuli ina kikomo cha mng'ao unaoonekana, hivyo za mbali zote ni kali. Je, nigawe vikundi vyembamba vya redishifti, au nitumie uwiano-sehemu (uhusiano wa vitu viwili baada ya kuondoa athari ya cha tatu)? Na redishifti za rangi (zinazokadiriwa kwa rangi za galaksi pichani, bila spektra) zinavyoyumba, hesabu ya majirani niisahihishe vipi?