DX yenye 3S-GE inakata hafushafti: niimarishe ekseli au nibadilishe?

Spana14
Wakuu, gari ni Corolla KE70 (DX) ya kudrifti kwenye lami. Injini ni 3S-GE na gia boksi ya spidi 6, vyote vya Altezza. Difu ni la AE86 la inchi 6.7, reshio 4.3, spaida (gia ndogo za ndani ya difu) zimechomelewa. Hafushafti (shafti inayotoka kwenye difu hadi kwenye tairi) ya kulia imekatika pale splaini, yaani meno ya mwisho wa shafti, zinapoanzia, na ya kushoto splaini zimeanza kujisokota. Nitafute nyingine za hivyo hivyo, niagize za kromoli (chuma chenye kromi na molibdeni), au niingize ekseli ya Hilux?

Torki_Kwanza
Za hivyo hivyo zitakatika tena. Piga hesabu: 4A-GE, injini ya AE86, ilitoa torki (nguvu ya kuzungusha) ya Nm 149, zidisha kwa gia ya kwanza ya gia boksi yake, T50 (3.587), na 4.3, unapata kama Nm 2,300 kwenye ekseli. Yako ni Nm 216 kwa gia ya kwanza 3.874, yaani kama Nm 3,600, na hapo hujaachia klachi ghafla. Difu la kawaida hugawa nusu kwa nusu. Ukishachomelea spaida, tairi moja likipoteza mshiko, mzigo wote unahamia shafti ya upande wa pili.

Sehemu iliyokatika nayo inasema. Kwenye splaini, ni msokoto. Ingekatika karibu na beringi ya tairi, ningeshuku kasha la ekseli limepinda. Hata hivyo lipime: nyanyua gari, pima umbali kati ya tairi za nyuma kwa mbele na kwa nyuma, kimo kile kile. Tofauti ikifika mm 3, kasha linyooshwe kwanza, la sivyo shafti mpya utaziua.

KashaNene
Mimi nasema Hilux, difu la inchi 8, shafti za splaini 30. Nguvu ya shafti kusokotwa hupanda kwa kipeo cha 3 cha kipenyo: kutoka mm 25 hadi 30, chuma kile kile, unaongeza kama asilimia 73.

Kazi iko kwenye kufupisha. Pima kila upande peke yake. Toa kichwa cha difu, beringi na sili zote. Bana ethi ya mashine ya kuchomelea kwenye kasha lenyewe, umeme usipite kwenye beringi. Kabla ya kukata, uwe na fimbo ya chuma iliyonyooka, na visahani vya alumini vinavyokaa barabara kwenye makao ya beringi na ya kichwa. Ukishakata, gusisha kwa nukta nne zinazotazamana, halafu choma vipande vya mm 30 ukibadilisha pande. Liache lipoe fimbo ikiwa ndani. Maji usimwage! Fimbo isipotoka kwa mkono, kasha limevutwa.

DX ya saluni ina koili na mikono minne, Hilux ina springi bapa. Utakata makalio ya springi na kuchomelea mabraketi yako. Yashike kwa nukta tu, shusha gari kwenye uzito wake, pinioni (gia inayoingiza nguvu kwenye difu) iwe sambamba na mkia wa gia boksi, ndipo uchome moja kwa moja. Angalia pia tundu za nati: Hilux ya 4WD ni 6 kwa mm 139.7, DX ni 4 kwa mm 114.3.

Mkono_wa_Panhard
Kwa Nm 216 hiyo Hilux ni mzigo wa bure. Inaongeza uzito usiobebwa na springi, na nyuma itarukaruka kwenye kona mbovu. Weka shafti za kromoli 4340, LSD ya plati (difu inayozuia tairi moja kuzunguka bure) badala ya spaida za kuchomelea, na bushi mpya za mikono. Ekseli inayodunda wakati wa kuondoka ndiyo inayokata shafti, kwa sababu kila tairi linaposhika upya ni pigo. Ukipanga kuweka tabo (turbo) baadaye, hapo namuunga mkono KashaNene.

Spana14
Tabo ipo kwenye mpango, basi Hilux. Kichwa nilichopata ni 4.1, pinioni ina mchezo kidogo.

KashaNene
Badilisha beringi za pinioni na kola inayobonyezwa. Kaza nati kidogo kidogo ukipima ugumu wa kuzunguka: beringi mpya Nm 1.9 hadi 2.5, zilizotumika 0.9 hadi 1.3. Ukipitiliza, usilegeze nati. Kola imeshabonyea, weka nyingine uanze upya. Nafasi kati ya meno ya pinioni na ya kraunwili (gia kubwa ya difu) iwe mm 0.13 hadi 0.18, pima kwa geji ya saa sehemu tatu au zaidi. Oili GL-5 80W-90, na uzibue kipumulio cha kasha. Kikiziba, presha inasukuma oili kupita sili hadi kwenye viatu vya breki.