Hilux ya kuvuta tela Kitonga: nichukue ya dizeli au ya petroli?

Kijana wa Ilula
Wakuu habari za jioni. Naombeni mawazo maana hapa kila mtu ana lake na kichwa kinaniuma. Nina tela dogo la ekseli moja, nililichomeleshea Iringa mjini mwaka juzi, lilikuwa linavutwa na gari ya bro, sasa bro kaiuza kwahiyo lazima nitafute yangu. Kazi yenyewe ni hivi, nashusha viazi kutoka huku juu mpaka Ruaha Mbuyuni, pale nageuza napakia vitunguu napandisha navyo Iringa. Yaani ule mlima wa Kitonga naupita na mzigo kwenda na kurudi, mara mbili kwa wiki na msimu ukichanganya hata mara tatu. Nimeoneshwa gari mbili, zote Hilux dabo kebini manyuo. Moja petroli 2.7 VVTi, safi kabisa, mwenyewe alikuwa anaendea ofisini tu. Nyingine dizeli 3.0 D4D, imetembea zaidi na bei imesimama kidogo. Fundi wangu anasema petroli haina presha, dizeli ikifa nozeli, zile za kunyunyizia mafuta kwenye injini, nitauza shamba. Mjomba anasema petroli ni gari ya kwendea kanisani, haivuti kitu. Mzigo ni gunia 12 tu kwenye tela, tuseme tani moja na kidogo, na gunia tano nyuma kwenye bodi. Nichukue ipi?

Gia ya Tatu
Dizeli. Uzi ufungwe.

Fundi Mikono Myeusi
Usifungwe kwanza, ngoja tuongee kifundi kidogo, mtu asije akanunua gari kwa ushabiki.

Mkuu kwenye kuvuta usihangaike na farasi. Hizo injini mbili farasi zinakaribiana, zote zinacheza kwenye 160 na kitu. Cha kuangalia ni toki, ile nguvu ya kuzungusha, na inapatikana kwenye mizunguko mingapi. Hiyo 2.7 inatoa kama Nm 240 na ili uzipate zote lazima uikanyage iende karibu mizunguko 4000. D4D inatoa 343 na inaanza kukupa kwenye 1400, yaani hujapanda sana juu ya sailensa, ule mzunguko wa injini ikiwa haijakanyagwa. Hapo ndo tofauti ilipo. Na Kitonga wewe unaijua kuliko mimi, pale hupandi kwa spidi yako, unapanda kwa spidi ya semi lililoko mbele yako. Semi likishuka mpaka spidi ya mtu anayetembea na wewe umo humohumo, huwezi kuovateki maana kona ni kona na ukuta wa mlima uko hapo. Petroli hapo unaingiza namba moja, injini inalia, mshale wa joto unauangalia kila dakika. Dizeli unaweka namba mbili inapanda inanguruma taratibu unaongea na simu (usiongee na simu). Na semi likisimama kabisa ukatakiwa kuanza kuondoka pale mlimani na tani nyuma yako, kwa petroli utaichezea klachi mpaka usikie ile harufu kama ya kucha zinaungua. Ukiisikia mara tatu nne jua klachi imekuaga.

Kingine watu hawakisemi ni mwinuko. Injini isiyo na tabo inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu kila ukipanda mita 1000 kwasababu hewa inakuwa nyepesi. Iringa iko mita 1500 na ushee, kwahiyo ile petroli ikifika kwenu ishaacha kama asilimia 15 njiani, na ilikuwa haina za kutosha tokea Mbuyuni. Tabo, ambayo D4D inayo, inasukuma hewa kwa nguvu, mwinuko huo haiusikii sana.

Baba Plagi
Fundi umeongea vizuri ila umeongea upande mmoja. Mimi nina hiyo hiyo 2.7 mwaka wa saba huu, plagi, oili, filta, basi. Navuta tela la mbao mara mojamoja na inavuta. Inalia ndiyo, ila kelele haiui injini ikiwa oili ipo na rejeta ni nzima.

Mwambie na upande wa pili wa D4D. Zile washa za shaba zinazokaa chini ya nozeli zikichoka, gesi ya ndani ya silinda inapenya inaingia kwenye oili, masizi yanashuka chini kwenye sampu, lile karai la oili, yanaziba ile chujio ya kunyonyea oili. Dereva hajui kitu, taa ya oili ikija kuwaka injini ishakula bearing. Na nozeli nne sio bei ya plagi nne, hapo mafundi wote tunajua.

Afu mafuta. Nilikuwa na dizeli kabla ya hii, nikajaza kituo kimoja cha njiani sikitaji, kilomita hata thelathini hazijafika gari inakohoa, inashtuka, inazima. Fundi kafungua chini ya filta mafuta kayakinga kwenye chupa ya soda, nusu yake maji. Nyie mtaniambia siku hizi hamna uchakachuaji, EWURA walianza kuweka vinasaba, ile alama ya kutambua mafuta halali, tangu 2010, sawa, ila maji yaliyoingia kwenye tangi la kituo kinasaba hakiyazuii. Petroli yangu ikinywa maji nasafisha naondoka, hiyo D4D ikinywa maji pampu ya presha na nozeli zinaondoka pamoja.

Fundi Mikono Myeusi
Kweli kabisa hayo, sibishi. Ndomaana anayenunua D4D iliyotembea lazima aulize nozeli na washa zilibadilishwa lini, na kama hajui anashusha sampu kabla hajalipa hela. Maji nayo kuna kale ka valvu chini ya filta, unakalegeza kila wiki unamwaga, dakika mbili. Watu hawafanyi.

Ila mkuu wewe mbao zako ni mara mojamoja. Huyu ni kila wiki, na mlima. Ikiwa inavuta mzigo, petroli ya 2.7 itamlia kama lita 20 kwa kilomita 100, D4D kama 12 na nusu hivi. Afanye hesabu mwenyewe kwa mwaka aone hela ya nozeli nne inarudi baada ya muda gani. Angekuwa anavuta tela mara moja kwa mwezi ningemwambia chukua petroli lala usingizi.

Mama Vitunguu Mbuyuni
Samahani wanangu naingilia, mimi magari siyajui ila magunia nayajua. Mwanangu wa Ilula, gunia 12 tani moja na kidogo? Vitunguu vya wapi hivyo? Nimeuza pale Mbuyuni miaka, hakuna mnunuzi anayekubali gunia lililofungwa usawa wa mdomo, wote wanataka lumbesa, na kile kilemba cha juu kikisukwa na kamba ujue umeongeza debe zima na zaidi. Wakala wa Vipimo wanasema mwisho kilo 100, wakija tunapunguza, wakiondoka tunarudi kulekule. Na viazi vyenu vya huko juu ndo balaa kabisa, viazi ni vizito kuliko vitunguu. Kapime kwanza baba ndo uulize gari.

Gia ya Tatu
Mama kaua 😂 kumbe swali lenyewe lina lumbesa

Mzee wa Semi
Nimeendesha Dar–Tunduma miaka 22, sasa nimekaa nyumbani nafuga. Nimesoma yote toka juu, vijana mnaongelea kupanda tu. Kitonga haiui wanaopanda. Anayepanda akishindwa anasimama, anaweka jiwe, anapiga simu. Nenda kaangalie yale mabaki ya magari kule bondeni uniulize yalikuwa yanaelekea wapi.

Huyu kijana kasema mwenyewe anashuka na viazi. Tela lina breki? Hajasema. Matela yote haya ya kuchomelea ninayoyaona barabarani hayana breki, ni ekseli ya gari iliyokufa imekatwa ikawekewa bodi. Maana yake breki za Hilux zinashika Hilux, gunia tano za nyuma, halafu na tela zima linalokusukuma mgongoni. Kona ya kwanza ziko sawa, ya tatu pedeli imekuwa laini, ya tano unakanyaga inazama, ni moto huo, breki zimechemka. Kitabu cha gari la aina hii ukikisoma kwenye ukurasa wa tela kinakwambia tela lisilo na breki mwisho kilo 750, tela na mzigo wake. Iwe petroli, iwe dizeli, hakibagui.

Na niwaambie kingine ambacho vijana wengi wanakijua kinyume. Watu wanadhani dizeli inashika zaidi kwenye mteremko kwasababu injini ni nzito. Sivyo. Petroli ukiachia mafuta ule mlango wa hewa unajifunga, injini inanyonya hewa kwa shida, ile shida ndo inayokushika. Dizeli za kawaida hazibani hewa namna hiyo, inabana hewa ndani ya silinda halafu hewa ileile inasukuma pistoni irudi, ulichotoa unarudishiwa. Malori yanafungwa breki ya ekzosti kwa sababu hiyo, sio urembo. Kwahiyo ukinunua D4D usishuke Kitonga na namba tatu eti dizeli itashika. Gia uliyopandia ndo gia ya kushukia, na unaiingiza juu kabla ya kuanza kushuka. Ukingoja katikati klachi ukiikanyaga gari inapata uhuru, na ikishaupata hairudishi.

Mzigo kwenye tela weka zaidi mbele ya ekseli kuliko nyuma. Uzito unaokaa kwenye ile boli ya kuvutia uwe kama sehemu moja ya kumi ya tela lote. Ukilaza magunia nyuma tela litaanza kutingisha mkia kwenye mteremko, na likishaanza, kukanyaga breki ndo unalimalizia.

Kijana wa Ilula
Shikamoo mzee. Nimesoma comenti yako mara tatu, jana sikulala vizuri.

Narudisha majibu. Leo asubuhi nimeenda kwenye ghala la jamaa mmoja mwenye mzani mkubwa nikapima gunia tatu za vitunguu nilizonazo. Ya kwanza 131, ya pili 138, ya tatu 127. Wastani 132. Mara 12 inakuja 1584. Tela tupu tukalisukuma nalo juu, 390. Jumla karibu tani mbili kavu, na bado gunia tano za kwenye bodi ni 660 na ule uzito wa kwenye boli aliousema mzee. Hivyo vitunguu, viazi sijapima na naogopa kupima.

Na tela langu halina breki. Kwa hiyo kilo 750 nikitoa 390 za tela nabaki na 360, yaani gunia mbili na kipande. Nitakuwa navuta tela kupeleka gunia mbili jamani.

Nimejiuliza mbona miaka miwili sikuwahi kuhisi kitu. Gari ya bro ilikuwa Land Cruiser pikapu, ile 4.2, namba mbili unaacha inajiendea.

Fundi Mikono Myeusi
Ahaa, 1HZ. Sasa hapo ndo nimekuelewa. Ile haina tabo wala kompyuta na toki yake ni 285 tu, ndogo kuliko ya D4D, ila chesesi na breki na springi za lile gari zilikuwa zinakubebea ujinga wako bila kukwambia. Hilux hata iwe na injini ya meli bado ni Hilux.

Kwa mzigo huo 2.7 itoe kwenye hesabu. Chukua D4D ila sampu ishushwe mbele yako, na tela lifungwe breki kabla halijarudi Kitonga. Kuna zile za kusukumwa, ukikanyaga breki ya gari tela linakuja mbele kidogo, ile kichwa inarudi nyuma inavuta waya, waya unabana breki za tela zenyewe. Haihitaji umeme wala kompresa. Fundi mzuri wa kuchomelea akipata kichwa chake na ekseli yenye ngoma za breki nzima anaifunga.

Baba Plagi
Kwa tani mbili hata mimi nanyamaza. Ila ukishachukua mwaga maji kila wiki, usiseme sikukwambia.

Mama Vitunguu Mbuyuni
Na ukija Mbuyuni nitafute, nitakufungia magunia ya kilo 100 ya kweli. Wenzako watakucheka, waache wacheke.

Kijana wa Ilula
Nashukuruni sana wakuu, na mama pia nitakuja. Nimempigia mwenye dizeli, sampu kakubali ishushwe kwa gharama yangu. Kuijaribu mlimani na tela kakubali pia Jumamosi, ila kasema tela liwe tupu, mzigo hataki kuuona. Nimemwambia sawa, basi mbele atakaa mjomba.