Maombi ya EdD: andiko la utafiti na barua ya mwajiri viweje?

Mwalimu_Mkuu_Idara:
Habari za humu wakuu. Naomba msaada. Nataka kuomba shahada ya uzamivu ya kitaaluma upande wa elimu, yaani EdD. Uzamili ninao, na ni mkuu wa idara shuleni. Fomu inataka andiko la utafiti lisilozidi maneno 1,500, wasifu, wadhamini wawili na barua ya mwajiri. Mada niliyoandika ni "Kuboresha uongozi wa shule". Inatosha? Barua ya mwajiri iseme nini hasa? Na je, wadhamini wote wawili wanaweza kutoka kazini?

Kalamu_Nyekundu:
Mada hiyo haitoshi, ndugu, na hapo ndipo maombi mengi hukwama. Mwombaji wa PhD kwa kawaida huanzia kwenye pengo lililopo katika maandiko ya wanazuoni. Kwenye EdD, au shahada nyingine za aina hiyo kama DBA (ya biashara) na DrPH (ya afya ya umma), unategemewa uanzie kwenye tatizo la kazini lililoshindikana kwa njia za mazoea, kisha uonyeshe utafiti utalifumbuaje. "Kuboresha uongozi" ni nia njema tu. Tatizo liko wapi, linamgusa nani, na umelijuaje?

Chukua mfano huu: walimu wapya wa hisabati wanaomba uhamisho kabla ya kumaliza mwaka wa pili. Swali linaweza kuwa: wakuu wa idara wanawasaidiaje walimu hao katika mwaka wa kwanza, na walimu wenyewe wanauonaje msaada huo? Sasa anayesoma anaona watu wa kuhojiwa, anaona kipindi, na anaona jambo ambalo mtu wa nafasi yako anaweza kulibadilisha.

Kuhusu maneno 1,500, mgawanyo unaofaa ni kama 300 kwa tatizo na mazingira yake, 400 kwa mapitio ya maandiko, 500 kwa mbinu, na yanayobaki kwa maadili, ratiba na manufaa kwa taaluma. Wengi hufanya kinyume. Usuli unakula nusu ya andiko, halafu mbinu inaambulia sentensi moja: "Nitatumia dodoso na mahojiano." Dodoso kwa nani, wangapi, na la kupima nini? Swali linalouliza "wanauonaje" linaweza kujibiwa kwa mahojiano ya kina na watu 12 hadi 15. Swali la "kwa kiasi gani" linadai takwimu, na sampuli ya watu 15 haiwezi kulibeba. Swali na mbinu visipooana, jopo halihangaiki na kurasa zinazofuata.

Bi_Maadili:
Mimi niguse barua ya mwajiri, maana watu huichukulia kama barua ya kumsifu mfanyakazi. Sifa ziachie wadhamini. Barua hii iwe na mambo matatu: mwajiri anajua unaomba na muda wa masomo, atakupa nafasi ya kuhudhuria vipindi, na anakubali kimsingi ufanye utafiti ndani ya taasisi yake baada ya kamati ya maadili ya chuo kutoa kibali. Iwe kwenye karatasi yenye nembo na isainiwe na mwenye mamlaka ya kuruhusu. Angalia sana sentensi kama "matokeo yatatolewa kwa ridhaa ya uongozi". Ukiipokea hivyo, tasnifu yako inaweza kuzuiwa ikiwa tayari mezani.

Kuna jambo la pili ambalo andiko lako lisilikwepe. Wewe ni mkuu wa idara. Mwalimu unayemjazia fomu ya tathmini ya kazi akiombwa na wewe mahojiano, ana uhuru gani wa kukataa? Na akikubali, atakwambia ukweli kuhusu msaada unaompa? Kuficha majina hakumalizi kazi: shule yenye mwalimu mmoja mpya wa hisabati, kila mtu atajua "Mwalimu B" ni nani. Kwa hiyo sema wazi kwamba hutawahoji walio chini yako. Chukua walimu wa idara nyingine au shule nyingine, mwaliko utumwe na mtu asiye na mamlaka juu yao, na wapewe tarehe ambayo hadi hapo wanaweza kujitoa bila kutoa sababu. Aya moja yenye hayo inaonyesha ukomavu kuliko kurasa mbili za nadharia.

Dawati_la_Udahili:
Wadhamini: kama maelekezo hayajasema vinginevyo, weka mmoja aliyekufundisha au kukusimamia kwenye uzamili na mmoja wa kazini. Tumia barua pepe zao za taasisi. Mara nyingi mfumo huwatumia kiungo moja kwa moja, na kikiangukia kwenye folda ya taka, maombi yako hubaki "hayajakamilika" na hayafiki kwa wasomaji. Wataarifu mapema, wapelekee andiko na wasifu.

Majina kwenye vyeti, nakala ya matokeo na pasipoti yalingane. Yakitofautiana ambatisha hati ya kiapo au cheti cha ndoa. Matokeo ya mtihani wa lugha kama IELTS huhesabiwa kuwa halali kwa miaka 2.

Mwalimu_Mkuu_Idara:
Asanteni sana, nalifumua andiko lote. Swali la mwisho: nimtafute msimamizi kabla ya kutuma?

Kalamu_Nyekundu:
Soma ukurasa wa programu yenyewe. Kwenye EdD nyingi mnaanza kama kundi, mnasoma kozi za mbinu za utafiti kwanza, na msimamizi anapangwa baadaye. Nyingine zinadai jina lake kwenye fomu. Kama unamwandikia, nusu ukurasa inatosha: tatizo, swali, mbinu, na kazi yake ipi inahusiana na yako. Hata usipomwandikia, pitia wahadhiri wa idara hiyo. Asipokuwepo wa kusimamia mada yako, unaweza kukataliwa hata kama andiko ni zuri.

Dawati_la_Udahili:
Na uulize ofisi ya udahili mambo mawili kwa maandishi: tarehe za vipindi vya ana kwa ana, na kama ada kamili inaendelea ukipitisha muda ukiwa unaandika tasnifu. Hizo tarehe ziingize kwenye barua ya mwajiri kabla hajasaini.